Spea Inayoota Mnazini
Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na ambao ulipokea kaure za China kwa majahazi ya pepo za msimu, leo unatazamana na Kilwa Masoko, ambako kifyonza vumbi, yaani mashine ya umeme inayovuta taka kwa hewa, kikikatika mkanda, mwenyewe huagiza mwingine soko la Kariakoo akaletewa "unaofanana", neno ambalo maana yake hasa ni usioingia. Lakini ufagio wa chelewa, yaani fungu la vijiti vya kuti la mnazi, hauna namba ya modeli wala waranti. Ukichakaa, vipuri vyake vinaning'inia mtini, na fundi wake ni bibi yeyote mwenye kisu.