Msema Kweli wa Ukuta wa Pili

Kazini kwetu umeingia ugonjwa wa candour, yaani kusema ukweli bila kuficha. Bosi alikwenda semina, akarudi na begi la kitambaa, kalamu ya bure na neno hilo la Kiingereza. Tangu hapo kila kikao kinafunguliwa kwa "jamani, leo tunataka candour", nami nikisikia hivyo nashika kiti, maana najua kinachofuata ni kusemwa. Dada mmoja wa masijala alinieleza mbele ya watu kwamba ripoti zangu ndefu, sauti yangu inaleta usingizi, na manukato yangu ni ya msibani. Nikamwambia, dada yangu, hilo la mwisho linahusiana nini na kazi? Akasema, "Kaka, mimi sifichi kitu." Wakampigia makofi.

Hasira zikanipeleka kwenye kamusi. Kumbe neno lina ukoo mrefu, na ukoo wenyewe una mambo. Kwa Warumi, candidus ni kitu cheupe kinachong'aa. Aliyetaka cheo pale Roma alivaa toga iliyopakwa chaki, watu wamwone toka mbali, na ndiyo maana hadi leo Mwingereza anamwita mgombea candidate. Mwanahistoria Livius anasimulia kwamba mwaka 432 KK ilipitishwa sheria ya kuwakataza wagombea kuzidisha weupe kwenye nguo. Yaani ukweli na mgombea ni watoto wa tumbo moja! Nilicheka peke yangu mpaka Mama Neema akaja kuuliza kulikoni. Hata yule fangasi wa kinywani, Candida albicans, ni wa ukoo huohuo. Jina lake ni weupe juu ya weupe.

Kilichoniuma ni kingine. Waingereza wa karne ya 18 waliposema candour, mara nyingi walikuwa na maana ya roho nzuri, kumdhania mwenzako mema. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inataja humo upole na wema. Katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, Jane Austen ana binti aitwaye Jane Bennet, mtu wa kumtetea kila mtu hata asiyeteteeka, na mdogo wake Elizabeth anaisifu candour yake kuwa haina maonyesho. Hebu fikiria: mtu mwenye candour ndiye angesema manukato yangu huenda nimezawadiwa na mgonjwa.

Baadaye wema ukafifia, likabaki domo.

Sikatai, domo nalo lina mahali pake. Tangu 2014 hospitali za umma za Uingereza zinabanwa na sheria ya candour: mgonjwa akidhurika kwa uzembe au ajali ya matibabu, lazima aelezwe na aombwe radhi. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili, kwa sababu pale anayefunguka anafungua ya kwake. Pale kwetu masijala watu wanafungua ya jirani, yao wamefungia kabatini na ufunguo wameumeza.

Wa kwanza kuwagundua watu hawa, naona, ni Richard Sheridan. Mwaka 1777 aliweka jukwaani London mchezo wa The School for Scandal, na ndani yake mama mmoja aitwaye Mrs. Candour. Mama huyu anaulaani umbea huku akiumwaga, na anamtetea anayesengenywa mpaka maskini anabaki hana pa kuuficha uso. Mvike khanga, umpe ndoo ya maji, utapata jirani yangu wa ukuta wa pili. "Mimi kumsema mtu sipendi, lakini…" Baada ya hiyo lakini, chai inapoa, maharage yanaungua, na ndoa ya mtu mtaa wa nyuma inakuwa imekwisha.

Sasa anagombea ujumbe wa serikali ya mtaa. Kwenye bango amevaa nyeupe kuanzia kilemba hadi viatu, Livius angemshitaki. Juzi jioni alipita kuomba kura. Nikamkaribisha kiti, nikamsikiliza.

"Baba Neema," akasema, "mimi sifichi kitu. Umezeeka vibaya. Lakini kura yako naihitaji."