Wawili na Gitaa Lao

Mji Mkongwe siku hizi haupungukiwi na wawili wawili. Mmoja ana gitaa lisilo la umeme, mwenziwe ana dumbaki, na wote wana kofia za viua mpya kabisa. Jua likikaribia kuzama wanapanda juu ya paa la hoteli kutuimbia urithi wetu: mlango wa nakshi, karafuu, jahazi, bibi na kanga yake. Urithi unaopigika picha, kwa ufupi.

Juzi walikuwa na wimbo wa Siti binti Saad. Ulipokwisha nikawaita. "Wanangu, Siti mmemsifu kwa lipi hasa?"

"Sauti, babu. Tamu kama asali."

Basi? Mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu mjini, akavuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, akaimba dhuluma za wakubwa na hukumu za mahakama mpaka watu wakajua nani kasemwa, leo kabaki asali! Lakini nani atawalaumu? Mgeni hakulipia juisi ya ukwaju aje aharibiwe machweo kwa habari za hakimu.

Nikawauliza kama wana wimbo wa Michenzani, maghorofa yale ya msaada wa Ujerumani Mashariki. Wakacheka. Yale hayana nakshi, babu, si urithi.

Saa nne wakafunga vyombo, wakaaga kwa heshima, wakashika njia ya kwao. Michenzani.