Shuka Kwenye Spana

Hatua ya kwanza ya kufunga gurudumu la Probox mjini Machakos: shuka kwenye spana. Ndiyo, wewe fundi uliyepanda juu yake unarukaruka huku abiria wa Masii wakikushangilia. Teremka tuongee.

Mwindaji wa Marekani anayefunga darubini kwenye bunduki hukaza skurubu kwa spana ya kupimia nguvu. Akizidisha, mrija wa darubini hubonyea. Akipunguza, shabaha inapotea. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini Probox tunazo tele, na nati zake zina kipimo: nyutoni-mita 103.

Namba isikutishe. Spana ya nusu mita ikilala sawa na ardhi, ning'iniza mwishoni mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Nguvu ni hiyo, basi. Mtu wa kilo 70 akisimama hapo amezidisha mara tatu na zaidi, na bado hajaruka. Akichomeka bomba kurefusha spana, hata sitaki kuhesabu.

Stadi, ile skurubu inayoshika nati, ni chuma chenye mnyumbuko. Ikikazwa kwa kiasi hurefuka kidogo mno, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana rimu. Ikipitishwa haitaki tena kurudi. Inalegea, mwishowe inakatika, na ndani ya gari kuna mama na mtoto mapajani.

Sasa kazi. Pangusa vumbi na kutu pale rimu inapokaa. Oili weka mbali na nyuzi, maana zikiteleza, nguvu ileile huvuta stadi kupita kiasi. Gari likiwa juu ya jeki, anza nati kwa vidole, upande uliochongoka ukielekea rimu. Ukikaza moja, ifuate iliyo mkabala nayo, si jirani yake. Shusha gari tairi iguse chini, ndipo umalizie kwa kipimo.

Kule Kituluni, hapa Machakos, watu huja kuona gari likionekana kupanda kilima lenyewe. Gurudumu linalolipita gari lake kwenye mteremko si maajabu hayo. Ni kazi ya mikono yako.

Dereva akifika mwisho wa safari, apime nati tena kabla ya kupakia. Akisema ana haraka, abiria, gomeni kupanda. Spana iko kwenye buti.