Bati Umelinunua, Maji Yake Umeyaweka Wapi?

"Usinunue BG 32, kijana wangu. Subiri." Papa fundi alisema hayo tu, na kijiwe kizima kikawaka. Kijana anajenga Bulengera, mteremkoni. Ukuta wa matofali mabichi umeshafika kwenye linta na mawingu ya Agosti yameanza kujikusanya juu ya Butembo. Mfukoni ana pesa ya kufunika nyumba yote kwa manjanja, yaani mabati, membamba, au nusu ya nyumba kwa mazito. Motari, dereva wa teksi ya pikipiki, akasema afunike yote, mvua haina subira. Mama wa maandazi akasema afunike yote kisha amwombe Mungu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza kwa nini asiezeke nyasi kama baba zake. Mcheew! Hapo nami nikashindwa kunyamaza.

Nyasi tuziweke kando mapema, mwalimu anisamehe. Ni kweli nyumba ya nyasi mchana ina ubaridi, na mvua ikipiga unaendelea na mazungumzo yako. Lakini nyasi za kuezekea ziko wapi hapa mjini? Vilima vyetu vimejaa mikaratusi, mihogo na nyumba. Utazifuata mbali, ulipe wa kukata, ulipe wa kubeba, umtafute mzee anayejua kuzifunga, na baada ya miaka michache kazi inaanza upya. Cheche moja ya jiko la jirani inatosha kumaliza mtaa. Vigae navyo ni vizuri sana machoni, ila ni vizito. Vinadai mbao nene na ukuta wenye nguvu, na sisi tumekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, Ruwenzori tukiiona kwa macho. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua zaidi ya watu 100 huko mpakani mwa Uganda na Kongo. Ardhi ikitikisika, heri uwe na paa jepesi juu ya kichwa.

Kwa hiyo bati linafaa, hilo sibishani na mtu. Kinachoniuma ni hesabu tunayoifanya tukienda kulinunua. Tunahesabu vipande. "Nimepata ishirini na nne!" anasema mtu, na wenzake wanampongeza. Hakuna anayemuuliza unene, wala ameweka mbao gani chini yake, na lile swali kubwa la maji halimpitii mtu hata akilini.

Tuanze na unene. Namba ya BG inakwenda kinyume: kadiri inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BG 28 ni karibu milimita 0.4. BG 32 ni kama robo ya milimita, na kuna yanayouzwa kwa namba hiyo huku ukiyakunja kwa vidole viwili unahisi kabisa kwamba namba na bati havijuani. Jembamba hupondeka fundi akilikanyaga, hupasuka kwenye tundu la msumari, na upepo wa kabla ya mvua ukiingia chini yake hulikunja kama karatasi. Wangapi hapa tumeona paa la darasa likiruka katikati ya muhula, na watoto wakamaliza mwaka chini ya mti? Halafu wazazi wanaitwa tena kuchanga, na kinachonunuliwa ni kilekile chembamba.

Bati la mawimbi lina siri mbili, na zote ni za zamani. Ya kwanza ni wimbi lenyewe: Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza yake London mwaka 1829, kwa sababu chuma chembamba kikikunjwa mawimbi kinabeba uzito ambao kikiwa bapa hakiuwezi. Ya pili ni zinki, ambayo Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuipaka kwenye chuma mwaka 1837. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Sasa tazama mafundi wetu wa haraka haraka. Msumari wanaupiga bondeni mwa wimbi, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Wanatumia msumari wa kawaida usio na zinki wala kofia ya mpira, na kutu inaanzia hapo hapo. Jikoni, ambako moshi wa kuni unapanda kutwa kucha, wanaweka bati jembamba kuliko yote eti ni jiko tu, na ndilo la kwanza kutoboka.

Na mbao? Mkaratusi mbichi uliokatwa jana hujipinda ukikauka, unavuta misumari, na paa lililokuwa limenyooka linakuwa na mgongo. Mbao ikae kivulini ikauke, ipakwe mafuta machafu ya injini dhidi ya mchwa, ndipo ipande juu. Papa fundi amelisema hilo miaka yote. Vijana wanamsikiliza, halafu wanakwenda kununua mbao asubuhi na kuezeka jioni.

Motari alinijibu kwamba maskini hachagui unene, ananunua anachokiweza. Ana haki ya kusema hivyo, kwa maana bati letu linatoka mbali. Chuma kinashuka Mombasa, kinapita Uganda, ambako viwanda kama Uganda Baati, kilichoanzishwa 1964, vinatengeneza mabati, kinavuka mpaka Mpondwe, kinaingia Kasindi, kisha zinabaki kilomita 80 hadi Beni na 54 nyingine hadi hapa. Kila tope la njia hiyo, kila kizuizi, kila siku ambayo malori yamelala yakisubiri msafara wenye askari kwa hofu ya waasi wa ADF, vinaingia katika bei ya kipande kimoja. Mama aliyeweka akiba yake katika AVEC, chama cha kuweka na kukopa, mwaka mzima, siku ya kugawana anatoka na mabati machache na kuyalaza chini ya kitanda mpaka mwaka mwingine. Namheshimu kuliko mtu yeyote mwenye ghorofa. Ndiyo maana nasema asiuziwe karatasi! Akiba ya mwaka mmoja ikiliwa na kutu katika miaka mitano, huyo mama ameibiwa, na mwizi hakimbizwi na mtu.

Kijana wa Bulengera nilimwambia hivi: ezeka vyumba viwili kwa BG 28, uhamie humo. Kuta zilizobaki zifunike kwa majani ya migomba na turubai, uziendee pole pole. Nyumba nyingi za mji huu zimekua chumba kwa chumba, na hakuna aibu. Ila hata hivyo viwili, bati litoke nje ya ukuta sentimita 60, kwa sababu tofali bichi likirushiwa maji kila siku linarudi kuwa udongo.

Hapo ndipo nilipomuuliza: na maji?

"Maji gani, Papa?"

Maji ya paa, kijana wangu! Chukua kalamu. Mvua ya milimita moja ikiangukia meta moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la nyumba linalofunika meta sita kwa nane lina meta 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu si mvua ya kushangaza, inaangusha lita 960 juu ya paa hilo. Ni bidoni 48 za lita 20, pengine ndani ya saa moja, zote zikitoka kwenye kingo mbili za paa. Nyasi zilikuwa zinakunywa kidogo na kudondosha taratibu. Bati halinywi kitu. Linapokea na kutupa papo hapo.

Sasa weka nyumba hiyo mteremkoni, na Butembo nzima ni miteremko. Juu yake pana nyumba nyingine, na juu ya hiyo nyingine, zote zina bati, zote zimepiga udongo wa ua ukawa mgumu, na maji ya wa kwanza yanampiga wa pili, ya wawili yanampiga wa tatu. Yule wa chini kabisa anaamka asubuhi, msingi uko nje, choo kimefunguka. Makorongo tunayoyaona yakila avenyu zetu, yale ambayo pikipiki haiwezi kuyavuka, hayakuchimbwa na shetani. Yamechimbwa na paa langu na lako. Yote yanamalizikia mto Kimemi, unaojaa matope na kuingia kwenye nyumba za watu waliojenga bondeni kwa kukosa pengine pa kujenga.

Na ugomvi! Muulize shefu yeyote wa kartie ni kesi gani zinamfikia baada ya usiku wa mvua. Jirani wa juu ameelekeza maji kwenye parseli ya jirani wa chini. Wamesali pamoja Jumapili, watoto wao wanasoma darasa moja, lakini hawasalimiani tena. Mtu alitumia dola za miaka mitatu kununua bati, akakataa kutumia sehemu ndogo tu kununua mfereji wa kukinga maji yake.

Kinachozidi kuniumiza ni kwamba asubuhi ileile, mtoto wa nyumba hiyo hiyo anabeba bidoni kwenda kupanga foleni kwenye chemchemi. Usiku nyumba imetupa bidoni 48, asubuhi binti anafuata moja. Hata ukipoteza robo ya maji kwa kumwagika na kwa kuosha paa, zinabaki 36. Weka mfereji, hata wa bati kuukuu lililokunjwa vizuri. Weka pipa, na ukipata uwezo weka tangi. Dakika za kwanza za mvua ziache zimwagike, zinabeba vumbi, masizi na mavi ya ndege. Yanayofuata yafulie, yaoshee, yajengee, na ukitaka kuyanywa yachemshe. Pipa likijaa, yanayozidi yaingie katika shimo la mawe ulilochimba ndani ya parseli yako mwenyewe, mbali na msingi. Shimo hilo linataka koleo na jasho la siku chache. Dukani hununui kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama bati lina faida kwa nyumba ya Butembo, nitakujibu ndiyo, mradi bei yake uihesabu mpaka mahali maji yanapozama ardhini. Ukiishia kwenye misumari, faida ni yako na hasara umemtumia jirani.

Motari, ambaye kwao ni Beni, alitikisa kichwa. Akasema sisi wa mlimani tunaongea kama watu wenye usingizi mzuri. Nikamwachia aseme, kwa sababu Beni ni hesabu nyingine. Kwanza joto. Butembo iko zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na kwetu tatizo la bati ni baridi ya alfajiri, mvuke wa pumzi zetu unageuka matone chini yake na kudondokea blanketi. Beni imekaa chini zaidi. Saa saba mchana nyumba ya bati isiyo na dari haikaliki, na mtoto mwenye homa hawezi kulazwa humo. Kule dari ni sehemu ya paa, iwe ya tripleksi au ya mikeka, na nafasi iachwe kwenye ncha za kuta hewa ya moto itoke. Hilo ni rahisi kulielewa.

Gumu ni lile lingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Mbau, Oicha na Eringeti wamechinjwa, wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Nyumba ya nyasi ikichomwa hakuna kinachobaki. Ya bati ikichomwa hubaki vyuma vilivyojikunja. Lakini wanaopata nafasi ya kuondoka kabla ya shambulio, wapo wanaopanda juu, wanang'oa mabati, wanayafunga kwenye tshukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, au wanayabeba kichwani na kuondoka nayo. Ukuta wa udongo utajengwa tena kwa mikono; bati ndiyo pesa. Huko ugenini linauzwa, linakodishwa, au linafunika kibanda cha kwanza. Motari anasema mama yake amefanya hivyo, na kwamba mabati yale yana matundu ya misumari ya nyumba zaidi ya moja. Membamba yasingevumilia safari hizo. Yangepasuka pale pale.

Halafu pesa ikaja: mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na wakulima wa Beni waliofaulu kuvuna wakiwa hai walipata pesa ambayo hawakuizoea. Wengine waliuliza: sasa nijenge? Ninunue bati wakati sijui nitalala hapa mwezi ujao? Nasema nunua, mama. Nunua zito, hata kama ni machache, na umwambie fundi apige misumari inayong'oka bila kuchana. Hutakuwa umeitupa pesa yako hata ukilazimika kuondoka.

Na wale wanaogawa misaada kwa familia zinazorudi vijijini, nawaomba kwa dhati: turubai halimalizi misimu miwili ya mvua zetu. Kila familia ipewe mabati mazito ya chumba kimoja, misumari yenye kofia, mfereji na pipa, na fundi wa pale pale alipwe kuwaonyesha wapi pa kugongea msumari na wapi pa kuchimba shimo la maji. Serikali nayo ipunguze ushuru wa Kasindi kwa bati la BG 28, na ipime unene wa kila shehena pale pale mpakani, kabla lori halijashika njia ya Beni.