Injini Yenye Adabu kwa Fundi Tu

Injini ya mtumbwi wangu ni ya farasi 40. Kibandiko chake kilisema hivyo mpaka sifuri ilipobanduka, ikabaki 4. Nililaumu jua la Kisangani. Siku hizi naona kibandiko kilikuwa kinatubu tu.

Kila Alhamisi tunateremka kutoka ng'ambo ya Lubunga hadi Yangambi, kilomita kama 100. Kuteremka hakuna shida: maji yanasukuma, injini inaimba, mimi nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki kama gavana. Balaa ni Ijumaa, tunapopanda na mzigo. Tukiacha ukingo wa Yangambi injini inanguruma vizuri, watoto wanatupungia mikono. Robo saa haijaisha, sauti inaanza kushuka. Haizimiki, maana ingezimika ningejua moja. Inalegea, inakohoa, inavuta miguu kama mtoto anayetumwa dukani wakati wenzake wanacheza. Siku moja mzee wa kasia alitupita kandokando ya kisiwa, peke yake, na mtungi wa mawese. Akatusalimia kwa sauti ya chini, salamu ya matangani.

Basi nasimamisha. Nafungua kizibo cha tangi, natumbukiza kijiti: petroli ipo. Nafunua kofia ya injini, napuliza kila kinachopulizika, nafunika, navuta kamba. Inaamka kwa kishindo! Nawaangalia abiria kwa jicho la mtu anayejua kazi yake. Robo saa tena, inalegea. Tunafika Kisangani usiku wa manane, mbu wameshakula na kushiba.

Nikaipeleka kwa fundi. Yeye ana pipa lake la maji, anaitundika humo, anaunga tangi lake mwenyewe, anavuta kamba mara moja. Injini ikanguruma mpaka maji yakaruka nje ya pipa.

"Papa, hii nzima kuliko mimi na wewe."

Ndani ya pipa, bila mzigo, bila mkondo, bila abiria wanaonung'unika, hata mimi ni farasi 40. Alinidai dola 15 kwa kunipa habari njema. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara injini ikamwonyesha adabu ambayo mimi mwenye kuinunulia oili sijawahi kuiona.

Pale gatini sasa, kila mtu ni daktari. Wa kwanza aliwashtaki Kadafi, hao vijana wetu wanaouza petroli kando ya barabara kwenye chupa na bidoni. Nikaimimina kwenye chupa nyeupe, nikailaza usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yamekaa chini peke yake, kidole kizima, petroli juu yake. Ama kweli, nilikuwa nanunua mto Kongo kwa lita huku nimekaa juu yake. Nikaanza kuchuja kwa kitambaa. Injini ikaendelea kulegea, safari hii kwa petroli safi.

Wa pili akasema ni mchanganyiko. Nikapima mbele yake: bidoni ya lita 25, nusu lita ya oili. Wa tatu akasema buji, yaani plagi kama wanavyosema watu wa Mombasa, moja imekufa. Huyu angalau alikuwa na ujuzi. Injini ina silinda mbili, na ukiwa unakwenda unachomoa kofia ya buji moja baada ya nyingine: ukichomoa na sauti isibadilike, hiyo silinda ilikuwa imelala siku zote na mwenzake ndiye anayebeba nyumba. Mpwa wangu akachomoa bila kushika kitambaa. Umeme ukamrusha kitako juu ya gunia la mchele. Silinda zote mbili zilikuwa macho, na mpwa pia.

Wa nne akasema mpira wa ndani ya helisi, ile pangaboi inayosukuma maji, unateleza. Tukachora mstari wa rangi kutoka kitovuni hadi kwenye ubawa, tuone kama utakatika. Haukukatika. Na hapo hata mimi nilishaanza kuelewa: helisi ikiteleza, injini inapiga kelele na mtumbwi hauondoki. Yangu haipigi kelele. Yangu inahema. Wa tano akasema ni Congo ya sika, lile gugu la maji lililotapakaa mtoni miaka ya 1950 likapewa jina la Kongo mpya, limeziba tundu za maji ya kupoza. Tuliling'oa, lilikuwepo kidogo. Wa sita alisema ni jirani yangu. Sitaki kuingia huko.

Husimuliwa kwamba Ole Evinrude, Mnorwe wa Milwaukee kule Marekani, alipata wazo la injini zake za mashua, zile alizoanza kuziuza mwaka 1909, siku alipopiga makasia ziwani kumfuatia mchumba wake aiskrimu. Jua kali, kasia zito, aiskrimu ikayeyuka njiani. Kwa hiyo mashine yote hii inayonitesa ilizaliwa kwa sababu mwanamke alitaka chakula chake kifike salama.

Ijumaa iliyopita ililegea palepale pa siku zote. Kabla sijagusa kizibo, mpwa akanishika mkono. "Papa, ngoja kwanza." Akanionyesha ile pampu ya mpira ya kubonyeza kwa mkono, iliyo katikati ya mrija wa petroli. Imenywea, imebonyea kama parachichi lililokaliwa. Na tangi lenyewe mbavu zimeingia ndani! Juu ya kizibo kuna skrubu ndogo, tundu la hewa, ambayo yeye mwenyewe huifungua kila tunapoondoka. Ilikuwa imekazwa. Akaizungusha: fsssss, tangi likavuta pumzi ndefu, mbavu zikarudi, likasema "pong". Tukabonyeza pampu ikajaa, na injini ikaondoka karibu initupe mtoni.

Kumbe kila niliposimama kutumbukiza kijiti ndipo nilipokuwa naitibu, kisha nafunika na kuiua tena.

"Nani amekaza hii?"

"Mimi," akasema mama mkwe, aliyekaa pembeni ya tangi na kwanga zake, ile mikate ya muhogo, zimefungwa kwenye majani. "Kila safari. Ile harufu inaingia kwenye kwanga. Wateja wamenirudishia sita, wanasema zina ladha ya pikipiki."

Niliwaza dola 15 mara tatu. Niliwaza kitako cha mpwa wangu. Lakini huyu ni mama aliyemzaa mke wangu, nami hata usoni simtazami sawasawa.

"Asante, mama, kwa kutueleza."

"Na wewe, mkwe wangu, nunua nyingine. Hii imechoka."

Mrija ni mfupi, tangi halihamishiki. Tukahamisha kwanga mbele, juu ya kiti changu cha plastiki, mimi nikasimama mpaka Kisangani. Tulipofika akanichagulia moja, ya pole. Nikaila palepale gatini, kwa heshima. Ilikuwa na ladha ya pikipiki.