Sifa za Uvungu wa Kitanda

Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, benki zina kasiki, bandari ina makontena. Familia ya kijijini Kwashemshi, mkoani Tanga, ina uvungu wa kitanda. Kila mwaka huzuka watu wanaotaka kuanza kupanga nyumba, na kila wanapoanza, uvungu ndio wa kwanza kutukanwa. Ni haki asimame walau mtu mmoja kuutetea.

Tuanze na ujenzi wake. Kitanda cha tano kwa sita kina uvungu wa futi za mraba 30, na hakuna fundi aliyelipwa wala mfuko wa saruji ulionunuliwa. Mkusanya kodi ya majengo hajawahi kuuliza habari zake. Familia ikikua, huwekwa tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda, na papo hapo nyumba imepata ghorofa. Namna ya kupanda kulala, kila mtu atajua mwenyewe.

Ukarimu wake hauna mfano. Umo ndani jembe na kipini chake, vikiwa vimeachana tangu masika yaliyopita. Zimo sufuria za shughuli, sahani za wageni, kamba ya mkonge, chaja ya simu isiyokuwepo, na mkungu wa ndizi uliovundikwa. Imo mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, imekunjwa vizuri, ikingoja serikali ibadili mawazo. Pembeni kabisa yupo kuku anayeatamia, na mgeni anayelazwa chumba hicho huombwa kwa adabu asijigeuze kwa kishindo.

Wasomi wa kupanga nyumba wanatuletea Marie Kondo, Mjapani ambaye kitabu chake cha 2011 kimezunguka dunia. Anafundisha kwamba mtu aanze na nguo, afuate vitabu, karatasi, vikorokoro, na mwisho kumbukumbu. Uvungu wetu ulikwisha kuzimaliza hatua zote tano kwa mkupuo mmoja. Anasema pia nguo zote za mtu zirundikwe mahali pamoja kwanza. Katika nyumba ya vyumba viwili, mahali hapo ni kitandani. Basi nguo zinarundikwa tangu asubuhi, zinajadiliwa, zinajaribiwa, zinachekwa, na saa mbili usiku watoto wanasinzia na kitanda kinatakiwa. Hapo mafunzo ya Tokyo hupata makao ya kudumu: yanasukumwa chini pamoja na nguo zake.

Halafu tunaambiwa kila kitu kishikwe mkononi na mwenyewe ajiulize kama kinampa furaha. Jembe halijawahi kumpa furaha mtu yeyote wa Handeni, lakini asipolishika, hali.

Wanaocheka tabia ya kutunza vifuniko visivyo na vyungu wautazame mkonge unaowazunguka. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na ilipofika pwani ya Tanga ni 62 tu iliyokuwa hai. Mtu wa kupanga nyumba angeitupa yote siku hiyohiyo. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba, zikaja treni, zikaja kambi za manamba, na mwaka 1964 nchi ikazalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaingia kamba za nailoni, mkonge ukaonekana takataka, mashamba mengi yakaota vichaka. Leo mkonge unatafutwa tena, na serikali imeuweka katika mazao ya kimkakati. Baada ya hapo, nani mwenye ujasiri wa kumwambia bibi kwamba taa yake ya chemli haitafaa tena?

"Shikamoo bibi. Hii taa tuitupe?"

"Marahaba mjukuu wangu. Iweke tu uvunguni. Umeme wenu huo nimekwisha kuuzoea kukatika."

Uvungu ni ofisi pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufikiwa na MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, kwa kazi hiyo. Kijiji huweka kumbukumbu katika masjala yake ya ardhi. Mwananchi naye ana masjala yake: ndani ya tranka la shule, chini ya shuka la harusi, kati ya vyeti vya ubatizo na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana ndevu. Mafaili hayana namba, lakini mama anajua kila karatasi ilipo kwa kupapasa, gizani, huku akiongea na simu.

Hata fedha umezilinda, ingawa hapa pana doa dogo. Benki Kuu ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 noti za zamani za kati ya 1985 na 2003 zipelekwe benki zikabadilishwe. Katika nyumba nyingi muda ule ulikuwa mfupi kuliko safari ya mkono kufika ukutani nyuma ya gunia. Noti zilizobaki humo si fedha tena, lakini uvungu haukuahidi riba wala thamani. Uliahidi kutunza, na umetunza.

Na wahenga wenyewe, waliokuwa wachoyo wa maneno, waliuona unastahili methali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kabati halina methali. Wanaosema maneno yale yanafundisha unyenyekevu hawajawahi kutafuta kadi ya bima saa nane ya usiku mtoto akiwaka homa. Yale yalikuwa maelekezo ya matumizi.

Wapinzani hawakosi. Bwana afya husema uvungu uliojaa ni maficho ya mbu mchana na ya panya usiku. Kuhusu mbu, chandarua kipo. Kuhusu panya, tunaomba heshima kidogo: panya buku Magawa, aliyezaliwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine, alinusa mabomu ya ardhini kule Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na Waingereza. Nani ajuaye kipaji cha huyu anayetafuna gunia letu la mahindi? Kweli, hapo milimani Lushoto tauni iliibuka 1980 ikawatesa watu kwa zaidi ya miaka 20, na waliohusika ni panya na viroboto wao. Wakili mwerevu akifika kwenye ushahidi wa namna hiyo hukohoa na kufungua ukurasa mwingine.

Ukurasa mwingine ndio huu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tunafyeka nyasi, tunafagia uwanja, tunazibua mitaro. Hakuna mtendaji wa kijiji aliyewahi kuingia chumbani kuinua shuka, naye anajua kwa nini. Humo kuna viatu vya babu, aliyezikwa. Kuna begi la kaka aliyekwenda Dar es Salaam akasema atarudi Pasaka, bila kutaja ya mwaka gani. Kuna pampu ya baiskeli iliyouzwa kulipia karo. Atakayeuliza "hivi tuvitupe?" atadhani amegusa begi, kumbe amemwambia mama kwamba mwanawe harudi. Kazi ya kupanga nyumba ingekuwa ya ufagio na ndoo, ingeisha kabla ya chai. Ni kazi ya kuamua, na uvungu ni rafiki pekee ambaye hajawahi kumshurutisha mtu kuamua.

Ndiyo maana wenye busara huanza kupanga nyumba sebuleni. Wanakunja vitambaa vya makochi, wanapangusa runinga, wanahamisha kalenda kutoka ukuta huu kwenda ule, wanatangaza kwamba kazi imekwisha. Ubishi wao uishie hapo. Kwa wale wanaosisitiza kwamba nyumba ianzie kwenye mzizi wake, ushauri ni mmoja: watoe kitu kimoja tu ambacho mwenyewe yu hai na yumo nyumbani, wamwite, na aseme mbele ya watu kama anakihitaji. Kesho yake kingine. Vya marehemu na vya walioko safari viachwe mpaka wenye nyumba waketi kikao.

Uvungu hauna haraka. Umeona wengi wakiinama kwa ari kubwa, wakatambaa mpaka kiunoni, wakapiga chafya, wakatoka na kandambili ya mguu mmoja. Wakaitazama. Wakairudisha, maana ya pili lazima imo humohumo.