Jinsi ya Kuchakachua kwa Rangi Mbele ya Bosi

Bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Faili lina JSON tele, naye anataka kuona muamala wa shilingi 1200. Programu ya kulichambua faili hilo hujaiandika, na leo huiandiki. Tulia. Anayetazama skrini haulizi umefikaje; macho yake huenda penye rangi. Basi mpe rangi.

1. Anza na grep. Ken Thompson aliiandika kwa ajili ya Unix, na mwaka 1973 ilikuwa tayari imo katika mwongozo wa toleo la 4. Ukongwe huo ni heshima, uvae. Andika:

grep --color '1200' miamala.json

Grep ya GNU itapaka 1200 nyekundu iliyokolea. Usiseme kitu kwanza, mwache aione.

2. Usiwatupe majirani. Kwa kawaida grep hutoa mistari inayolingana tu, na mstari wenye kiasi hausemi mteja ni nani. Tafuta hivi:

grep --color -E '1200|$' miamala.json

Alama ya $ ni mwisho wa mstari, na kila mstari una mwisho, kwa hiyo yote itatoka. Mwisho hauna herufi ya kupakwa, hivyo rangi itabaki kwenye 1200 peke yake. Hapo utaonekana umepanga tangu jana.

3. Ziba aibu mapema. Grep haijui kiasi wala namba ya simu, inajua herufi. Itapaka hata 1200 iliyojificha ndani ya 31200, na bosi mwenye macho ataiona kabla yako.

4. Mwachie gron kazi ya kujua muundo. Hiyo huivunja JSON ikawa mistari mifupi, kila thamani na njia yake kamili:

json[7].kiasi = 1200;

Sasa tafuta hivi:

gron miamala.json | grep --color -E '\.kiasi = 1200;|$'

Alama ya = na nafasi iliyo kabla ya namba, pamoja na nuktamkato ya mwisho, zinaibana namba pande zote mbili, 31200 haipiti. Soma njia kwa sauti: "Ni wa nane, kwa sababu hesabu inaanzia sifuri." Sentensi hiyo moja inatosha kukupandisha hadhi.

5. Matokeo yakiwa marefu, yapeleke kwenye less. Lakini grep ikiona haiandiki kwenye terminali, huzima rangi. Ilazimishe kwa --color=always, kisha malizia na less -R.

6. Hapa ndipo ujanja unapokoma. Usihifadhi kamwe matokeo ya always kwenye faili. Rangi hizo ni herufi halisi, mfano ESC[01;31m, zinazoingia katikati ya data. Programu itakayoisoma JSON hiyo baadaye itaikataa, na miamala ile ni fedha za watu. Pamba skrini upendavyo, data usiiguse.

7. Bosi akirudi kesho na swali lilelile, mpe jq:

jq '.[] | select(.kiasi == 1200)' miamala.json

Hiyo hulinganisha namba na namba, na muamala hutoka mzima, na jina la mteja ndani yake. Ihifadhi amri hiyo kwenye skripti, uipe jina fupi, umfundishe bosi kuiendesha mwenyewe. Kiti chako kitapumua.